Mwalimu Wichern na Mishumaa ya Majilio



Tumeingia tena katika Majilio, majuma ya kujiandaa kabla ya Noeli. Sisi wakimbizi tunajua kungoja. Tunangoja siku ya mgao, tunangoja majina yabandikwe ubaoni, tunangoja habari za ndugu tuliopotezana nao njiani. Watoto wetu nao wanatuuliza tutarudi nyumbani lini, na mara nyingi tunawanyamazisha kwa sababu jibu hatuna. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia maisha ya Johann Hinrich Wichern, ambaye naye aliulizwa na watoto siku itafika lini.

Wichern alizaliwa mwaka 1808 huko Hamburg, mji wa bandari katika Ujerumani. Alikuwa kifungua mimba. Baba yake alifariki mwaka 1823, naye kijana wa miaka 15 akaanza kufundisha watoto wa watu ili mama na wadogo zake wapate kula. Baadaye alisoma theolojia, kisha akarudi Hamburg na kufundisha Shule ya Jumapili katika mtaa wa maskini. Alipowatembelea wanafunzi wake nyumbani aliona njaa, ulevi, na watoto waliokosa malezi hata wakaingia katika wizi.

Mwaka 1833, akiwa na miaka 25, alipewa nyumba ndogo ya zamani nje ya mji, iliyoitwa Rauhes Haus. Akahamia humo pamoja na mama yake, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa na wavulana 12. Watoto walipoongezeka hakuwarundika pamoja, bali aliwagawa katika vikundi vidogo kama jamaa, kila kikundi na mlezi wake. Walisoma, walilima, walijifunza ufundi.

Mtoto alipopokelewa aliambiwa kwamba yote aliyoyatenda yamesamehewa. Nyumba ile haikuzungushiwa ukuta wala haikufungwa kwa makomeo. Kilichowashika watoto pale ni upendo.

Inasimuliwa kwamba kila Majilio watoto walimuuliza siku baada ya siku kama Noeli imefika. Mwaka 1839 Wichern alichukua gurudumu la mkokoteni, akaweka juu yake mishumaa mikubwa myeupe 4 kwa ajili ya Jumapili na midogo myekundu kwa siku nyingine. Kila siku katika ibada waliwasha mmoja zaidi. Hivyo watoto waliona kwa macho yao kwamba siku inakaribia, na kwamba nuru inaongezeka wakati wao wanangoja. Taji ya Majilio tunayoiona leo katika makanisa mengi ilianzia hapo.

Wichern mwenyewe hakukaa akingoja mikono mitupu. Mwaka 1848 ugonjwa wa homa ya tifasi ulipowaacha watoto wengi yatima katika Silesia, alikwenda huko kuwasaidia. Mwaka huohuo aliwahimiza wakuu wa makanisa wafanye huduma kwa maskini kuwa kazi ya kanisa zima. Alifariki Hamburg mwaka 1881.

Wapendwa, tunajifunza nini? Hatujui siku ya kurudi kwetu, lakini tunajua ni nani anayekuja kwetu. Na moyo hauwezi kumpokea ukiwa umefungwa makomeo. Hapa katika makazi yetu wapo majirani wanaochota maji bomba moja wala hawasalimiani, kwa sababu ya yaliyotokea kule nyumbani. Tunajua kwamba majeraha hayo ni ya kweli, na wengine wetu tunayo. Lakini Wichern aliwatangazia watoto msamaha siku ileile walipoingia mlangoni, kabla hawajaonyesha kwamba wamebadilika.

Basi tunawaomba: kila Jumapili ya Majilio, tutakapowasha mshumaa kanisani, kila jamaa imchague mtu mmoja wa kupatana naye juma hilo. Salamu tu inatosha kuanzia. Na nyumbani, watoto wakiuliza lini, tusiwafukuze. Tuwashe koroboi, tuwaketishe karibu, tuombe pamoja nao.

Mungu awabariki na kuwapa Majilio yenye amani.