Amani Isiyofungwa na Tarehe

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Isaya 26:3, Yohana 14:27, Warumi 5:1, Waefeso 2:14, Waebrania 10:35–39.

Jina la William Miller linapotajwa, wengi wetu hukumbuka mara moja Oktoba 22, 1844. Lakini kabla ya kuwa mhubiri wa marejeo ya Kristo, Miller alikuwa mtu aliyeitafuta amani miaka mingi bila kuiona. Na tarehe ile ilipopita, lilibaki swali zito: je, amani aliyokuwa ameipata ingesimama?

Miller alizaliwa Februari 15, 1782, huko Pittsfield, Massachusetts, nchini Marekani. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto kumi na sita. Akiwa bado mdogo, wazazi wake walihamia Low Hampton katika jimbo la New York, wakafyeka msitu na kulima. Shule ilikuwa ya miezi michache tu wakati wa baridi. Kijana huyo alipenda vitabu kuliko kitu kingine, na usiku, wengine wakiwa wamelala, alijisomea kwa mwanga wa moto wa kuni. Mama yake alikuwa mcha Mungu, binti wa mchungaji wa Kibaptisti.

Mwaka 1803 alimwoa Lucy Smith, wakaenda kuishi Poultney, Vermont. Huko alipata maktaba, na akapata marafiki wasomi, watu wenye heshima katika jamii. Wengi wao walikuwa wadeisti, yaani watu walioamini kwamba Mungu aliumba ulimwengu kisha akauacha ujiendeshe wenyewe. Miller alisoma maandishi ya Voltaire, Hume na Paine, akaiacha Biblia. Alipotaka kuwachekesha rafiki zake, aliiga sauti na ishara za babu yake na ami yake walipokuwa wakihubiri. Mama yake alipojua, alilia na kuomba.

Kwa nje Miller hakupungukiwa na kitu. Alikuwa na mke mwema, shamba, cheo na rafiki. Ndani hakuwa na raha. Ikiwa Mungu hajishughulishi na wanadamu, basi hakuna wa kusikia maombi, wala hakuna tumaini ng'ambo ya kaburi. Kadiri alivyolifikiri jambo hilo ndivyo giza lilivyozidi. Alitaka kuacha kuwaza, asiweze.

Vita kati ya Marekani na Uingereza vilipoanza mwaka 1812, alijiunga na jeshi akawa kapteni. Septemba 11, 1814, alikuwa Plattsburgh, kando ya Ziwa Champlain, Waingereza waliposhambulia. Jeshi la Marekani lilikuwa dogo kuliko la adui, na watu wachache walitazamia ushindi. Kombora lililipuka karibu kabisa na Miller, wenzake wakaumia, yeye asipate hata mkwaruzo. Waingereza walirudi nyuma. Kapteni aliyesema kwamba Mungu haingilii mambo ya watu hakuweza kueleza yaliyotokea siku ile.

Baada ya vita alirudi Low Hampton, akaanza tena kwenda kanisani. Mchungaji asipokuwapo, shemasi mmoja alisoma hubiri kutoka kitabuni, na Miller hakupenda usomaji wao. Mashemasi wakaona ni busara kumpa yeye kazi ya kusoma. Jumapili moja ya Septemba 1816, akisoma hubiri mbele ya kusanyiko, moyo wake ulijaa hata sauti ikakatika. Alishindwa kuendelea, akaketi huku akilia.

Katika siku zile alianza kuona jinsi ingekuwa vizuri kuwapo Mwokozi mwenye huruma, aliye tayari kubeba hatia ya mwenye dhambi. Lakini mtu atajuaje kwamba Mwokozi wa namna hiyo yupo? Aliifungua Biblia aliyokuwa ameidharau, akamwona humo. Yesu akawa rafiki yake. Tazama mpangilio huu kwa makini: kabla hajaujua unabii wowote, Miller alikuwa amempata Kristo. Amani yake haikuzaliwa na hesabu za miaka. Ilizaliwa pale mwenye dhambi alipojua kwamba amepokelewa (Warumi 5:1).

Rafiki zake wadeisti walimbana kwa maswali aliyowahi kuyauliza yeye mwenyewe. Hakukasirika. Aliweka kando vitabu vya ufafanuzi, akachukua Biblia na itifaki ya Cruden, akaanza Mwanzo sura ya kwanza, fungu kwa fungu. Hakwenda mbele mpaka fungu lieleweke kwa kulilinganisha na mengine. Kazi hiyo ilichukua miaka miwili. Kutoka Danieli 8:14 alifikia uamuzi mwaka 1818 kwamba Kristo angerudi yapata mwaka 1843.

Aliogopa kuitangaza habari hiyo. Kwa miaka kumi na mitatu alisoma tena, akajiuliza upya, akatoa sababu. Dhamiri haikumwacha. Hapa tunajifunza kwamba amani ya Kristo si usingizi, na mtu aliyeipokea anaweza kubebeshwa mzigo kwa ajili ya wenzake. Jumamosi moja ya Agosti 1831 alimwahidi Mungu kwamba angekwenda iwapo mtu angemwalika. Ilionekana ahadi salama, maana hakuna aliyewahi kumwalika. Baada ya nusu saa hivi mpwa wake aliingia, akiwa ametoka Dresden, kumwomba aje kuwafundisha watu habari za marejeo. Miller alitoka nje kwa hasira, akaingia kwenye kichaka cha miti karibu na nyumba, akashindana na Mungu kwa maombi. Aliporudi alikuwa tayari kwenda.

Tangu siku hiyo mkulima huyu alihubiri katika vijiji, kisha katika miji mikubwa baada ya Joshua V. Himes kumfungulia milango ya Boston. Watu kwa maelfu walimgeukia Mungu. Mwisho wa wakati aliotazamia, Machi 21, 1844, ulipita bila Bwana kuja. Baadaye wengine walitaja Oktoba 22, na Miller akaikubali tarehe hiyo siku chache tu kabla haijafika.

Siku ile ilipita. Waumini walilia mpaka kukapambazuka. Baadhi walikuwa wameacha mazao shambani bila kuvuna. Wenye dhihaka waliwauliza njiani kwa nini hawajapaa. Miller, mwenye umri wa miaka sitini na miwili na afya iliyochakaa, alibeba aibu kuliko wote, maana harakati nzima iliitwa kwa jina lake. Naye alihuzunika sana.

Lakini hakurudi Poultney, kwa maana ya moyo. Wiki chache baadaye alimwandikia Himes kwamba tumaini lake katika kuja kwa Kristo lilikuwa imara kama zamani. Alikuwa ameweka wakati mwingine wa kungoja, na wakati huo ulikuwa leo, kisha leo, mpaka Bwana atakapokuja. Mwaka 1845 kanisa lake la Kibaptisti lilimtenga. Mwaka huohuo alichapisha maelezo ya maisha yake, akakiri wazi kwamba alikosea kuhusu wakati, bila kumlaumu mtu.

Miller hakuona kila nuru. Hakuipokea Sabato wala mafundisho ya patakatifu ambayo wenzake wachache walianza kuyaelewa, na alikufa zaidi ya miaka kumi na mitatu kabla Kanisa la Waadventista Wasabato kupangwa rasmi mwaka 1863. Macho yake yalififia, akashindwa kusoma Biblia aliyoipenda. Desemba 20, 1849, alifariki nyumbani kwake Low Hampton, Himes akiwa karibu na kitanda chake.

Kama amani ya Miller ingejengwa juu ya tarehe, ingekufa usiku wa Oktoba 22. Ilijengwa juu ya yule Rafiki aliyempata mwaka 1816, ambaye ndiye amani yetu (Waefeso 2:14). Ndiyo maana aliweza kulia na kukiri kosa, na bado akaendelea kungoja.

Maswali ya Kujadili

1. Ni mambo gani ambayo watu wa Mungu leo huweza kuyafanya msingi wa amani yao badala ya Kristo: kazi, afya, watoto, hata ujuzi wa unabii? Tunawezaje kutambua kwamba tumefanya hivyo?

2. Miller alilia, na bado alikuwa na amani. Soma Yohana 16:33. Je, tunawasaidiaje washiriki wanaodhani kwamba machozi yao ni ukosefu wa imani?

3. Kukiri kosa hadharani kulihitaji moyo uliotulia. Kuna kosa gani unalosita kulikiri kwa sababu unaogopa aibu? Kristo anakupa nini badala ya hofu hiyo?