Ramadhani, siku ya 17: Amir Ibrahim wa Kilwa



Jana tulizungumzia amana. Leo nakutoa kidogo kwenye vumbi letu la Dodoma nikupeleke Kilwa Kisiwani, kwa mtu ambaye ukimsoma haraka utamhurumia tu: Amir Ibrahim, aliyekuwa akitawala Wareno walipouvamia mji tarehe 24 Julai 1505.

Kilwa haikuwa kijiji. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwake, ilikuwa na sarafu zake yenyewe, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta sultani anayesifika kwa kuwapa masikini.

Ila ujue hili: Ibrahim hakuwa sultani. Alikuwa amiri, na inasimuliwa kwamba kiti alikipata kwa kumuua Sultani Fudhail. Wapo waliomtii kwa kuogopa tu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimtisha kwa mizinga, akakubali kulipa kodi, akamtoa Muhammad Ankoni, tajiri wa mjini, awe dhamana. Halafu hakulipa! Ankoni ikabidi ajikomboe kwa mali yake mwenyewe.

Miaka 3 baadaye akaja Francisco de Almeida na merikebu za vita. Watu husema mizinga ndiyo iliyoiangusha Kilwa. Mimi naona mizinga iliikuta nyumba imeshapasuka. Ibrahim alikimbilia bara, mji ukaporwa, Wareno wakamvika taji Ankoni. Sasa mwangalie huyu: alikuwa na watoto wake, lakini akaomba atakayemrithi awe mtoto wa marehemu Fudhail, maana ndiye mwenye haki. Hata miaka miwili hakumaliza. Aliuawa kwa hila na watu wa upande wa Ibrahim.

Wareno walijenga ngome, wakaihama mwaka 1512. Hilo neno gereza unalolitaja ukipita Isanga hapa mjini limetokana na neno lao la kanisa, na kule Kilwa ngome inaitwa Gereza mpaka leo, ingawa hiyo unayoiona ilijengwa upya wakati wa Waomani.

Ibrahim naye alirudishwa kwenye kiti. Lakini biashara ya Sofala ilikuwa imeshashikwa na Wareno, na wafanyabiashara wengi walishahama. Kiti alichokitoa roho ya mtu alikipata tena, dhahabu haikupita Kilwa kama zamani.