Anuarite: jina la dada mkubwa lililomfuata mdogo wake hadi altareni

Kila tarehe 1 Desemba, katika parokia nyingi za Kongo, misa husomwa kwa heshima ya Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Siku hiyo wasichana na mama wanaoitwa Anuarite hupongezwa, kwani ni sikukuu ya jina lao. Wengi kati yao wanajua namna sista huyo alivyouawa Isiro mwaka 1964. Wachache wanajua kwamba alipozaliwa hakuitwa Anuarite. Jina hilo lilikuwa la dada yake.

Namna jina la Kibudu, lililojulikana tu na watu wa Wamba na vijiji vya jirani, lilivyofika Kinshasa, Lubumbashi, Bukavu, na hata kuvuka mipaka hadi Kenya na Tanzania, ni habari ya maisha mafupi ya mwanamke ambaye hakufikisha miaka 25.

Nengapeta, binti wa Wamba

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, katika jimbo ambalo leo ni Haut-Uele. Baba yake aliitwa Amisi Batsuru Batobobo, mama yake Isude. Wote walikuwa Wabudu. Alikuwa mtoto wa nne katika familia ya mabinti sita, na wazazi wakampa jina Nengapeta.

Kwa Wabudu, kama kwa makabila mengi ya Kongo, jina halitolewi bure. Mtoto hubeba jina la babu, la tukio fulani, au la neno ambalo mzazi anataka jirani alisikie. Nengapeta maana yake ni kwamba utajiri hudanganya. Anuarite, jina la dada mkubwa, maana yake ni mtu anayeicheka vita, asiyeiogopa.

Amisi alikuwa askari na mara nyingi alikuwa mbali na nyumbani. Mwaka 1943 Isude alibatizwa pamoja na binti zake. Mama akapata jina Julienne, na Nengapeta mdogo akaitwa Alphonsine. Lakini nyumba haikudumu. Baba alitaka mtoto wa kiume, na Isude alikuwa amezaa wasichana watupu. Akamwacha, akaoa mwanamke mwingine. Ni habari ambayo mama wengi wa Kongo hawahitaji kufafanuliwa. Nengapeta alikua akimwona mama yake akibeba mzigo huo, na wanaosimulia maisha yake wanasema jambo hilo lilimuumiza sana, lakini hakumwekea baba yake kinyongo.

Kosa katika daftari la shule

Siku ya kuandikishwa shule ilipofika, Nengapeta hakwenda peke yake. Alifuatana na dada yake Léontine Anuarite. Sista wa misheni aliyekuwa akiandika majina ya watoto akachanganya. Akachukua jina la mkubwa akalifunga na jina la ubatizo la mdogo, na kwenye daftari ukatokea mwanafunzi mpya: Anuarite Alphonsine.

Hakuna aliyesahihisha. Nyakati hizo za ukoloni, kilichoandikwa kwenye daftari la misheni ndicho kilichokuwa ukweli, na mzazi wa kijijini hakuwa na desturi ya kwenda kubishana na sista kuhusu herufi. Kwa hiyo mtoto akasoma kwa jina la dada yake, akapata vyeti kwa jina la dada yake, na mwishowe akafa na kuheshimiwa ulimwenguni kote kwa jina la dada yake. Nengapeta likabaki nyuma, jina la nyumbani.

Msomaji wa leo hatashangaa sana. Ni familia ngapi Kongo zina watoto wawili wa baba na mama mmoja wenye majina tofauti kwenye vyeti, kwa sababu ya kalamu ya karani? Ni watu wangapi wanaobeba kadi ya mpiga kura yenye jina ambalo mama yao halitambui? Kwa Anuarite, kosa la namna hiyo halikurekebishwa kamwe, na Kanisa zima likalipokea.

Lori la kwenda Bafwabaka

Shuleni hakuwa miongoni mwa wanafunzi wenye akili nyepesi. Alisoma kwa taabu na kwa bidii, hadi akapata cheti cha ualimu. Lakini tangu utotoni alikuwa na wazo moja: kuwa sista. Mama yake hakutaka. Mwanamke aliyeachwa na mume aliwategemea mabinti, na binti akiingia utawani familia inakosa mkono wa kusaidia, inakosa mahari, inakosa wajukuu.

Siku moja lori lilikuwa likiwapeleka wasichana wa malezi kwenye nyumba ya masista huko Bafwabaka. Anuarite akapanda kwa siri, akaondoka bila kuaga. Siku zilipita kabla mama hajajua binti yake yuko wapi. Alipojua, hakwenda kumrudisha kwa nguvu.

Shirika aliloingia linaitwa Jamaa Takatifu, shirika la masista Waafrika. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake za kwanza na kupewa jina la kitawa, Marie-Clémentine. Hilo lilikuwa jina lake la nne. Wazazi wake walikuwapo, na walitoa mbuzi wawili kwa shirika kama zawadi. Baadaye mama alijaribu tena kumvuta arudi nyumbani asaidie familia, naye akakataa.

Huko Bafwabaka alifundisha shule ya msingi, akapika, akatunza sakristia, akawalea wasichana wa bweni. Ni kazi ambazo masista wengi walifanya na wanafanya hadi sasa bila mtu wa nje kujua majina yao. Kama historia ya nchi isingepita mlangoni pake, labda naye tusingemjua.

Usiku wa Isiro

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulienea mashariki mwa Kongo. Stanleyville, Kisangani ya leo, iliangukia mikononi mwa waasi mwanzoni mwa Agosti. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, na siku mbili baadaye wakashuka Paulis, jina la kikoloni la Isiro. Waliwaondoa wazungu waliokuwa mateka, kisha wakaondoka. Wakongo waliobaki vijijini na katika misheni walibaki na hasira ya waasi. Tarehe 26 Novemba askofu wa Wamba, Mgr Joseph Wittebols, aliuawa.

Siku tatu baadaye, tarehe 29 Novemba, lori la waasi lilifika Bafwabaka. Masista waliambiwa kwamba wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Walilala njiani Ibambi. Kesho yake walikutana na kanali wa waasi, Yuma Déo, na safari ikageuzwa kuelekea Isiro. Masista walinyang'anywa rozari na misalaba yao.

Isiro walifika usiku. Kanali mmoja, Ngalo, alimchagua Anuarite awe mke wake, na akamwachia kanali Pierre Olombe kazi ya kumshawishi. Anuarite alikataa. Mama Mkuu wa shirika, Sista Kasima, alimtetea na kutishwa. Wakati wa chakula, Anuarite hakuweza kula kitu.

Olombe akataka basi amchukue kwa ajili yake mwenyewe. Aliwaingiza kwenye gari Anuarite na Sista Bokuma, kisha akaenda kutafuta ufunguo. Wawili hao walijaribu kutoka na kukimbia. Akawakamata, akawapiga kwa kitako cha bunduki. Bokuma alivunjika mkono na kuzimia. Anuarite, huku akipigwa, alimwambia Olombe kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui anachokifanya, na kwamba heri kufa kuliko kutenda dhambi hiyo. Olombe akaita Simba wake wamchome kwa bayoneti, kisha akampiga risasi. Anuarite alikata roho saa za usiku wa manane kupita, tarehe 1 Desemba 1964. Masista wenzake walikuwa karibu.

Alizikwa katika kaburi la pamoja. Mwaka uliofuata mwili ulifukuliwa, ukatambuliwa kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa nayo mfukoni, ukazikwa upya katika makaburi ya Isiro. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa kanisa kuu la mji huo.

Kinshasa, Agosti 1985

Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri mbele ya umati mkubwa mjini Kinshasa. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kibantu kupewa heshima hiyo. Siku hiyo Papa alimtaja pia aliyemuua, akisema anamsamehe kwa moyo wote kama sista mwenyewe alivyofanya. Olombe alikuwa bado hai. Alikuwa amehukumiwa kwa mauaji hayo, akatoka gerezani baadaye.

Kuna Wakongo waliofurahia neno hilo, na kuna walioliona gumu kumeza. Hata leo, Ituri na Kivu, anayezungumza juu ya kusamehe huulizwa swali lilelile: na haki je? Maisha ya Anuarite hayafuti swali hilo. Olombe alisamehewa na aliyemuua, na bado alipita mbele ya mahakama.

Kwa nini jina lilienea

Ili kuelewa safari ya jina lenyewe, lazima tukumbuke mambo mawili.

La kwanza ni la Kanisa. Sheria yake ya mwaka 1917 ilimtaka padri ahakikishe mtoto anabatizwa kwa jina la Kikristo. Kama wazazi hawakulitoa, yeye aliongeza jina la mtakatifu. Ndiyo sababu Nengapeta akawa Alphonsine na Isude akawa Julienne. Watakatifu waliojulikana walikuwa karibu wote wa mbali, na Mwafrika alibatizwa kwa jina la mbali. Sheria mpya ya mwaka 1983 ililegeza jambo hilo: inatosha jina lisipingane na imani.

La pili ni la siasa. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo kwa jina la otantisite. Joseph-Désiré akawa Sese Seko, na kila Mzaire akalazimika kutafuta jina la mababu. Kardinali Malula aliyepinga alijikuta uhamishoni Roma kwa miezi kadhaa. Kwa karibu miaka ishirini, hadi 1990, mtoto alikuwa na jina moja kanisani na jingine kwenye karatasi za serikali.

Anuarite alitangazwa katikati ya wakati huo. Mara moja likapatikana jina ambalo padri hakuweza kulikataa, kwa kuwa ni la Mwenye Heri, na ambalo karani wa serikali hakuweza kulikataa, kwa kuwa ni la Kizaire halisi. Mzazi hakulazimika tena kuchagua. Leo kwenye vyeti vya Kongo utalikuta mahali pote: kwa wengine ni jina la kwanza, kwa wengine ni jina la nyuma.

Hakuwa wa kwanza kufungua njia hiyo. Wiki sita tu kabla ya kifo chake, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mashahidi wa Uganda, na majina kama Kizito na Lwanga yakaanza kuitwa mbali na Buganda. Mwaka 1994 Isidore Bakanja naye alitangazwa Mwenye Heri. Lakini kwa wasichana, jina la Anuarite lilikuwa na nafasi ya pekee, kwa sababu wenye heri waliotangulia kutoka eneo letu walikuwa wanaume.

Shule, vituo vya afya na vikundi vya mama wakatoliki vikalichukua. Nchini Tanzania, kwaya ya Mwenyeheri Anuarite ya parokia ya Makuburi, Dar es Salaam, imelipeleka jina hilo hadi kwa watu wasiojua Wamba iko wapi. Njiani limebadilika kidogo: wengine huandika Anwarite, na katika vitabu vingine utalikuta kama Anoalite. Kwa jina lililoanza kwa kosa la daftari, si ajabu kwamba makarani hawajakubaliana mpaka leo.

Bado si jina la kawaida kama Marie au Jeanne. Bado pia Anuarite hajatangazwa mtakatifu, na waamini wanaendelea kuomba. Wanaosali Isiro wanasali kwenye ardhi ambayo baada ya 1964 imepitiwa na vita vingine vingi, na mama wa huko wanaendelea kuwapa binti zao jina la mtu anayeicheka vita.

Na Nengapeta? Jina lake la kweli limebaki mwishoni mwa orodha, baada ya Marie-Clémentine na baada ya Anuarite, na wengi huliacha wanapomtaja kwa haraka. Ukikutana na msichana anayeitwa hivyo, mwulize kama anajua. Huenda ndiye aliyebeba jina ambalo mama Isude alilichagua mwenyewe.