John Speke Apima Tabora kwa Nyota na Mwezi

Tazama ramani ya Tanzania iliyotundikwa darasani. Utaona mistari myembamba inayopita kutoka kushoto kwenda kulia, na mingine kutoka juu kwenda chini. Ya kwanza huitwa latitudo, na ya pili huitwa longitudo. Mwanafunzi akaaye Ziba, katika Wilaya ya Igunga, atakuta kwao kumo ndani ya mraba ulio kati ya latitudo nyuzi 4 na nyuzi 5 kusini, na kati ya longitudo nyuzi 33 na nyuzi 34 mashariki. Mji wa Tabora uko kusini kidogo tu ya mstari wa nyuzi 5. Mistari hiyo haikuchorwa ardhini, wala hakuna aliyepata kuikanyaga akaiona. Basi alijuaje mtu aliyeitia Tabora katika ramani kwa vipimo kwamba mahali pake ni hapo, wala si pengine?

Mtu huyo alikuwa John Hanning Speke. Alizaliwa Uingereza tarehe 4 Mei 1827. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba alikwenda Bara Hindi kuwa askari, na huko, wakati wa likizo, alipenda kupanda milima ya Himalaya ili kuwinda na kuchora ramani za nchi alizopita. Hivyo ndivyo alivyozoea kazi ya kupima.

Mwezi Juni 1857 Speke aliondoka Unguja pamoja na Mwingereza mwenzake, Richard Burton. Walitaka kuyaona maziwa makubwa ya bara. Hawakukata njia mpya. Walifuata njia ya misafara, ambayo Wanyamwezi na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiipita miaka mingi kabla yao, na mizigo yao ilibebwa na wapagazi. Tarehe 7 Novemba 1857 walifika Kaze, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora.

Ulaya wakati ule watu walikuwa na ramani iliyochorwa na wamisionari waliokaa pwani karibu na Mombasa. Ramani hiyo ilionyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo kama la konokono asiye na gamba. Pale Kaze mfanyabiashara mmoja kutoka Omani, Snay bin Amir, aliwaeleza wageni kwamba ziwa hilo moja kwa kweli ni maziwa matatu: Nyasa upande wa kusini, ziwa la Ujiji upande wa magharibi, na ziwa la Ukerewe upande wa kaskazini. Alisema kweli. Watu wa misafara walijua njia zote, nao walihesabu umbali kwa siku za mwendo. Lakini siku ya mwendo si kipimo kilicho sawa kila mara. Msafara wenye wagonjwa, au unaovuka tope la masika, hauendi sawa na msafara wa kiangazi. Ili kuitia Kaze katika ramani ya dunia kilihitajika kipimo kisichochoka wala kuchelewa njiani, na kipimo hicho kilikuwa angani.

Kazi ya kupima ilimwangukia zaidi Speke. Kifaa chake kikubwa kiliitwa sekstanti. Ni chombo chenye vioo viwili vidogo na tao lililochorwa nyuzi, nacho hupima pembe iliyo kati ya vitu viwili vilivyo mbali. Baharia hupima pembe kati ya jua na mstari wa bahari. Lakini Kaze hakuna bahari, na miti na vilima huuficha upeo wa macho. Kwa sababu hiyo wasafiri wa bara walimimina zebaki katika chombo kipana kifupi. Zebaki hutulia sawasawa kama kioo kilicholazwa. Mpimaji huliona jua angani na sura yake ndani ya zebaki, hupima pembe iliyo kati ya hivyo viwili, kisha huigawa kwa mbili.

Sasa tuone jinsi latitudo inavyopatikana. Tarehe 21 Machi jua la adhuhuri huwa utosini kabisa mwa watu walioko kwenye ikweta. Siku hiyo hiyo mtu wa Tabora hulikuta limeinama nyuzi 5 upande wa kaskazini. Kwa hiyo Tabora iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Siku nyingine za mwaka jua halipo juu ya ikweta, lakini kuna vitabu vyenye majedwali yanayoonyesha mahali pake kila siku, na hesabu ni ya kujumlisha na kutoa tu.

Hata hivyo, katika nchi zetu jua la adhuhuri hupanda juu mno. Mwanzoni mwa Novemba, Tabora, hufika kama nyuzi 79 kutoka upeo wa macho. Ukilitazama kwa zebaki pembe inakuwa mara mbili, yaani nyuzi 158, na tao la sekstanti halifiki huko. Ndiyo sababu wapimaji wa bara walingoja usiku wakapima nyota. Chukua mfano wa Suheli, nyota ing'aayo ambayo mabaharia wa pwani wanaijua sana. Suheli hupita utosini mwa mahali palipo karibu nyuzi 53 kusini. Kama mtu, nyota hiyo ipitapo juu kabisa, anaiona imeinama nyuzi 48 upande wa kusini, yeye mwenyewe yuko wapi? Toa 48 katika 53, utapata 5.

Latitudo ya Kaze aliyoipata Speke inakaribia sana ile tunayoijua leo.

Longitudo ni ngumu zaidi. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au nyuzi 1 kwa dakika nne. Longitudo huhesabiwa tangu Greenwich, karibu na London. Ikiwa adhuhuri ya Tabora hutangulia adhuhuri ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 11 hivi, basi Tabora iko karibu nyuzi 33 mashariki. Adhuhuri ya Tabora utaijua kwa kulitazama jua. Je, utajuaje ni saa ngapi Greenwich wakati huo huo? Njia rahisi ni kuchukua saa nzuri iliyotegwa kwa majira ya Greenwich na kutoiacha isimame kamwe. Speke na Burton walikuwa na saa za namna hiyo, lakini joto, vumbi, unyevu na kuangushwa kwa mizigo viliziharibu. Saa ikikosea dakika nne tu, mahali husogea nyuzi nzima katika ramani, na nyuzi moja karibu na ikweta ni kilomita 111.

Ilibidi mwezi utumike kama saa. Mwezi husogea kati ya nyota kila usiku, kiasi cha nusu ya nyuzi kwa saa moja, nao ni kama mshale wa saa, na nyota ni kama tarakimu zake. Wanajimu wa Greenwich walikwisha kuandika kitabuni mwezi utakuwa umbali gani kutoka nyota fulani, kwa kila saa tatu. Speke alipima umbali huo kwa sekstanti, akatafuta kitabuni, akapata saa ya Greenwich. Lakini vipimo hivyo vilitakiwa kuhesabiwa kwa sekunde, na saa za kutegemewa hawakuwa nazo tena. Wakafanya hivi. Walifunga risasi ya bunduki kwenye uzi, wakaupima uzi inchi 39, yaani sentimita 99, kutoka mahali pa kuning'inia hadi katikati ya risasi. Wakautundika kwenye tupa ya chuma yenye pembe tatu, ukawa unabembea. Kila bembea ya kwenda ilikuwa sekunde moja, na kila bembea ya kurudi sekunde moja.

Mnaweza kulijaribu jambo hili darasani. Fungeni jiwe dogo kwenye uzi, pimeni sentimita 99 hadi katikati ya jiwe, litundikeni, kisha lisukumeni kidogo. Hesabuni kwenda na kurudi kwa dakika moja kwa kutazama saa ya mwalimu. Mtapata 60 au karibu na 60. Badilisheni jiwe mweke zito zaidi, na hesabu haitabadilika. Fupisheni uzi, nayo itabadilika mara moja.

Hata hivyo, longitudo ya Kaze aliyoipata Speke ilipotoka kidogo upande wa mashariki. Si ajabu. Ukikosea dakika moja tu ya nyuzi katika kupima mwezi, longitudo hukosea karibu nusu nyuzi, yaani kilomita 55 hivi. Na mpimaji huyu alikuwa mgonjwa wa homa kila mara. Walipolifikia Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858, Speke alikuwa anaumwa macho kiasi kwamba hakuliona vizuri ziwa alilotembea miezi saba kulitafuta. Baadaye kidogo mdudu aliingia sikioni mwake usiku. Alipojaribu kumtoa kwa ncha ya kisu alijiumiza vibaya, na sikio hilo halikusikia vema tena. (Mdudu akiingia sikioni, mwambieni mkubwa awapeleke zahanati, msitie kitu chenye ncha.)

Warudipo Kaze, Burton alikuwa mgonjwa, akabaki kwa marafiki zake Waarabu. Speke aliondoka mwezi Julai 1858 kwenda kaskazini. Kiongozi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mdogo akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Speke hakujua Kiswahili. Yeye na Bombay walizungumza kwa Kihindi, na Bombay akawafasiria wenyeji. Bila mtu huyo sekstanti isingemfikisha mbali.

Tabora na Mwanza ziko karibu katika longitudo moja. Mwanza iko latitudo nyuzi 2 na nusu kusini. Tofauti ni nyuzi mbili na nusu, na ukizidisha kwa 111 utapata kilomita 277 kwa mstari ulionyooka. Njia ya miguu ni ndefu zaidi, nao waliitembea kwa siku ishirini na tano hivi. Tarehe 3 Agosti 1858, akiwa juu ya kilima karibu na Mwanza, Speke aliliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza. Akalipa jina la malkia wa kwao, Victoria, kana kwamba halikuwa na jina.

Pale alichemsha maji. Karibu na bahari maji huchemka kwa joto la nyuzi 100 za Selsiasi, na kadiri unavyopanda juu huchemka kwa joto dogo zaidi, pungufu ya nyuzi 1 kwa kila mita 300 hivi. Kwa kipimajoto chake alikadiria ziwa kuwa futi 3,740 juu ya bahari. Kimo chake hasa ni kama futi 3,720, yaani mita 1,134. Lakini kule Ziwa Tanganyika, ambako hawakuwa na kipimajoto kizuri, walikosea kwa mita 200 hivi.

Speke alikaa penye Nyanza siku chache tu. Hakuwa na mashua, wala hakuona mwisho wake upande wa kaskazini. Hata hivyo aliamini kwamba mto Naili hutoka humo. Burton alikataa. Alitaka ushahidi, na kwa kweli ushahidi ulikuwa haujatosha. Marafiki hao wakawa maadui.

Mwaka 1860 Speke alirudi, safari hii na James Grant, na Bombay tena. Walipita Kaze, wakazunguka magharibi ya ziwa, na tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama kwenye maporomoko ya Jinja, akaona maji yakitoka ziwani kwenda kaskazini. Lakini hakuufuata mto hatua kwa hatua, wala hakulizunguka ziwa lote, na Burton alizidi kubisha. Wawili hao walitakiwa kujadiliana mbele ya wataalamu mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikuwa akiwinda. Alipopanda ukuta wa mawe bunduki ilifyatuka, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 37. Mwaka 1875 Henry Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua, ikaonekana kwamba Speke alikuwa amesema kweli.

Ramani za wasafiri hawa hazikubaki mikononi mwa wataalamu tu. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani, wakiwa huko huko Ulaya, walikata mpaka wa makoloni yao kwa mstari wa latitudo nyuzi 1 kusini. Hakuna mwenyeji wa ziwani aliyeulizwa. Mstari huo ndio mpaka wa Tanzania na Uganda hadi leo.

Siku hizi mahali hupatikana mara moja kwa msaada wa setilaiti, lakini mistari ni ile ile. Mwaka 2018 ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake ilirushwa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe kupeleka dawa, mwendo wa kilomita 60 kwa dakika 40. Mtu anayejifunza kuongoza ndege ya namna hiyo lazima ajue kusoma latitudo na longitudo katika ramani ya anga. Huanza na latitudo, kisha longitudo, na hujihadhari na kosa moja linalowapata wengi. Longitudo ya Tabora ni nyuzi 32 na dakika 48. Dakika ni 60 katika nyuzi moja, kwa hiyo ukiiandika kwa desimali ni 32.8, wala si 32.48. Atakayeandika 32.48 atapotoka kilomita 35 upande wa magharibi, naye ataituma ndege yake porini.

Maporomoko aliyoyaona Speke hayaonekani tena. Mwaka 1954 bwawa la umeme lilikamilika chini yake, na maji yakapanda yakayafunika. Ukitaka kujua yalipokuwa, fungua ramani ya Afrika Mashariki, utafute latitudo dakika 25 kaskazini ya ikweta, kisha longitudo nyuzi 33 na dakika 12 mashariki.