Albert wa Kwanza wa Monaco, mtawala aliyesoma milima ya chini ya bahari

Mwaka 1896 meli ya Princesse Alice ilikuwa ikipima kina cha maji kusini magharibi mwa visiwa vya Azores, katika Bahari ya Atlantiki. Waya wa kupimia, uliozoea kushuka mamia na maelfu ya mita, uligusa mwamba mapema kuliko ilivyotarajiwa. Hapo chini palikuwa na mlima ambao kilele chake hakikufikia mita 50 kutoka usoni mwa maji. Mwenye meli, Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, aliuita kwa jina la chombo chake, jina ambalo lilikuwa pia la mkewe. Mke huyo walitengana mwaka 1902. Jina lingali kwenye ramani.

Albert alizaliwa Paris tarehe 13 Novemba 1848. Ubaharia alijifunza katika jeshi la majini la Hispania, kisha akaitumikia Ufaransa katika vita vya mwaka 1870. Mwaka 1873 alinunua jahazi la matanga, Hirondelle, na kuanzia 1885 hadi 1915 aliongoza safari 28 za utafiti. Katika Hirondelle hapakuwa na injini ya kuvutia nyavu. Mabaharia walizungusha roda kwa mikono, saa baada ya saa, ili kupandisha matope na wanyama kutoka vilindini.

Hakuridhika na nyavu za kukokota. Wanyama wepesi huzikwepa, na walio laini huraruka ndani yake. Kwa hiyo alishusha madema makubwa yenye chambo, wazo ambalo mvuvi yeyote wa pwani angelielewa bila kufafanuliwa. Mwaka 1895, karibu na kisiwa cha Terceira, nyangumi aliyechomwa na wavuvi alitapika mabaki ya ngisi, na miongoni mwao alikuwamo mmoja mwenye magamba ambaye sayansi haikuwa imemjua. Jina lake la kisayansi linabeba lile la ukoo wa Grimaldi.

Mlima wa baharini si kama uwanda wa matope unaouzunguka. Mikondo hupiga mbavu zake na kuufagia mwamba, na mwamba mtupu ndio matumbawe na sifongo huhitaji ili kushikilia na kusubiri chakula kinacholetwa na maji. Katikati ya matawi yao hujificha kaa, viti vya pweza na samaki. Baadhi ya matumbawe meusi ya Azores yamekadiriwa kuwa na umri unaozidi miaka 2,000. Wavu mmoja wa chuma unaweza kuyang'oa kwa dakika chache.

Gharama za kazi hii zilitokana kwa kiasi kikubwa na mapato ya kasino ya Monte Carlo, na hapo ndipo sifa yake inapopata doa. Tarehe 29 Machi 1910 alizindua Makumbusho ya Bahari juu ya jabali la Monaco mbele ya wageni wa mataifa mengi. Mwaka huohuo raia wake waliandamana wakidai ajira na haki za kisiasa, kwani aliwatawala bila bunge wala katiba. Katiba waliipata Januari 1911.

Aprili 1921, akiwa mzee na mgonjwa, alivuka Atlantiki kwenda Washington kuwahutubia wanasayansi. Humo alieleza hofu yake juu ya merikebu za mvuke zilizokuwa zikikokota nyavu na kuharibu sakafu ya bahari pamoja na makinda ya samaki, akitaka yatengwe maeneo yasiyoguswa. Alifariki dunia Paris tarehe 26 Juni 1922.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku nyavu za kukokota chini katika maji ya Azores mwaka 2005.