Gauhar Jaan na Kamusi Isiyoandikwa

Mwalimu wa lugha aghalabu huingia darasani na kamusi kwapani. Ni nadra kumwona ameingia na santuri. Mazoea haya yanatokana na imani kwamba lugha hukaa vitabuni, nazo nyimbo ni za kuburudisha nafsi tu. Maisha ya Gauhar Jaan, mwimbaji mashuhuri wa Bara Hindi, yanatufunza vingine.

Alizaliwa Azamgarh mwaka wa 1873, akapewa jina Angelina Yeoward. Babake alikuwa na asili ya Kiarmenia. Wazazi hao walipoachana, mama alihamia Banaras na bintiye, wakasilimu. Mama akaitwa Malka Jaan, na binti Gauhar Jaan. Mwaka wa 1883 walihamia Calcutta. Malka alikuwa malenga, na diwani yake ya Kiurdu ilichapishwa mwaka wa 1886. Binti akalelewa katika nyumba ya tungo na tumbuizo, akafunzwa kuimba na kucheza kama walivyofunzwa tawaif, wanawake waliosifika kwa sanaa na kwa ufasaha wa lugha, ijapokuwa wengine waliwabeza. Mwaka wa 1887 aliimba mara yake ya kwanza hadharani, katika kasri la Darbhanga.

Miaka hiyohiyo wanaleksikografia nao walikuwa mbioni. Fallon alitoa kamusi yake ya Kihindustani mwaka wa 1879, akatia ndani nyimbo za kienyeji na usemi wa wanawake. Ile ya Platts ilitoka mwaka wa 1884. Syed Ahmad Dehlvi, aliyewahi kumsaidia Fallon, akatunga Farhang-e-Asafiya, kamusi ya Kiurdu yenye majuzuu manne. Hizi ni hazina kubwa. Hata hivyo, hati ya Kiurdu kwa kawaida huacha irabu fupi, na hakuna kamusi ya karatasi iwezayo kumsikilizisha mtu pumzi ya msemaji.

Pengo hilo ndilo lililoanza kuzibwa Novemba 1902, Fred Gaisberg alipofika Calcutta na mtambo wa kunasa sauti. Maikrofoni haikuwa imeanza kutumika katika kazi hiyo. Mwimbaji alipaza sauti mbele ya pembe kubwa. Upande wa sahani ulibeba dakika tatu hivi tu, na Gauhar akalazimika kuubana humo wimbo uliozoeleka kuimbwa kwa muda mrefu. Mwishoni alijitaja jina kwa Kiingereza. Hayakuwa majivuno: sahani zilikamilishwa Hannover, Ujerumani, na mafundi wa huko walihitaji kujua sauti ni ya nani. Hadi mwaka wa 1920 alikuwa amerekodi nyimbo zipatazo 600, katika lugha zaidi ya kumi.

Umaarufu ulimfikisha Delhi mwaka wa 1911, alipoimba katika sherehe za Mfalme George wa Tano. Baadaye kesi mahakamani zilimla mali. Mwaka wa 1928 alipata kazi katika kasri la Mysore, na huko ndiko alikofia tarehe 17 Januari 1930. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alifia mbali na Calcutta iliyomtukuza.

Msomaji asidhani haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka huohuo wa 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Kamati ya kusanifisha lugha yetu iliundwa mwaka wa 1930, na kamusi ya Johnson ikatoka mwaka wa 1939. Kwa hivyo sauti ya Siti ilihifadhiwa kabla ya kamusi hiyo kuchapishwa. Ni walimu wangapi wamewahi kuwasikilizisha wanafunzi wao sauti hiyo?

Santuri huvunjika, na wazee wanaoyafahamu maneno yaliyomo wanazidi kututoka. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti na aanze hapo: asikilize, aandike asikiacho, kisha amwulize mzee maana ya neno asiloliona kamusini. Akichelewa, neno litabaki na mlio bila maana.