Sidi Mubarak Bombay

Sidi Mubarak Bombay (takriban 1820 – 12 Oktoba 1885) alikuwa kiongozi wa misafara na mkalimani wa Afrika ya Mashariki katika karne ya 19. Alishiriki katika safari nne kubwa za wapelelezi waliotoka Ulaya na Marekani: safari ya Richard Francis Burton na John Hanning Speke (1857–1859), ya Speke na James Augustus Grant (1860–1863), ya Henry Morton Stanley (1871–1872) na ya Verney Lovett Cameron (1873–1875). Hukadiriwa kuwa katika maisha yake alitembea takriban kilomita 9,600, nyingi kati ya hizo kwa miguu katika njia nyembamba za misafara kupitia pori, misitu na vilima vya Tanzania, Uganda na Kongo ya leo.

Utoto na utumwa

Alizaliwa miongoni mwa Wayao katika eneo la mpaka wa Tanzania na Msumbiji wa leo. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, wafanyabiashara wenye silaha kutoka pwani walikizunguka kijiji chao wakidai malipo ya bidhaa walizokopesha wakati wa njaa. Wanakijiji walikamatwa na kupelekwa Kilwa. Hakujua kamwe baba yake aliishia wapi.

Kutoka Kilwa alipelekwa Zanzibar, akauzwa kwa kubadilishwa na vitambaa, kisha akasafirishwa hadi Bara Hindi. Huko alimtumikia bwana wake kwa miaka mingi na kujifunza Kihindustani. Majina anayojulikana nayo yanatokana na kipindi hicho: nchini India watu wenye asili ya Afrika huitwa Sidi, na Bombay ni jina la mji ambao leo unaitwa Mumbai. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa.

Bwana wake alipofariki alipata uhuru. Alirudi Zanzibar na kujiunga na jeshi la Sayyid Said. Mwanzoni mwa mwaka 1857 alikuwa askari katika boma la Chogwe, karibu na Pangani. Hapo Burton na Speke walikutana naye wakamchukua kazini.

Safari ya kwanza (1857–1859)

Msafara wa Burton na Speke ulifuata njia ya biashara kutoka pwani hadi Kaze, karibu na Tabora ya leo, kisha ukafika Ziwa Tanganyika mnamo Februari 1858. Njia hiyo haikuwa mpya. Wapagazi Wanyamwezi na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameipita kwa miaka mingi wakibeba pembe za ndovu, vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Kwa kawaida ilikuwa na upana wa mtu mmoja, kwa hiyo watu walitembea kwa mstari mmoja nyuma ya kirangozi.

Speke hakujua Kiswahili vizuri, na Bombay hakujua Kiingereza. Walizungumza kwa Kihindustani, lugha ambayo mmoja alijifunza akiwa ofisa wa jeshi na mwingine akiwa mtumwa. Kwa sababu hiyo Bombay akawa mtu wa karibu wa Speke. Burton alipobaki Kaze, Bombay alikwenda na Speke kuelekea kaskazini hadi kusini mwa Ziwa Viktoria, walikofika mwanzoni mwa Agosti 1858, katika eneo la Mwanza ya leo.

Njia ya Karagwe (1860–1863)

Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na Grant ili kuthibitisha kwamba mto Naili unatoka katika ziwa hilo. Bombay aliajiriwa tena, safari hii akiwa miongoni mwa viongozi wa wapagazi na walinzi. Msafara uliondoka pwani mnamo Oktoba 1860 na kupita Kaze, kisha ukageukia kaskazini kuelekea nchi za magharibi mwa Ziwa Viktoria.

Sehemu hiyo ya njia ilikuwa ngumu sana. Wapagazi wengi walitoroka, na watawala wa njiani walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, uliolipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya. Huko Usui, ambayo leo ni sehemu ya eneo la Biharamulo na Ngara, msafara ulicheleweshwa mpaka hongo ilipolipwa. Katika safari hiyo Speke alimpiga Bombay ngumi mbele ya watu wote baada ya kutoelewana juu ya kazi. Bombay aliondoka kambini, lakini baadaye alirudi na kuendelea na wajibu wake.

Baada ya Usui njia iliingia katika pori lisilo na watu, lenye miti na wanyama wengi, kisha ikapanda vilima vya nyasi karibu na Ziwa Burigi. Ziwa hilo liko magharibi mwa nchi ambayo leo ni Wilaya ya Muleba, yenye kata ya Ngenge, katika Mkoa wa Kagera. Upande wa mashariki nchi hiyo inafika hadi Ziwa Viktoria. Sehemu ya pori la Burigi imekuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu mwaka 2019.

Msafara ulipoingia Karagwe hali ilibadilika. Omukama Rumanika aliagiza wageni wapewe chakula njiani bila kudaiwa hongo. Mnamo Novemba 1861 walifika ikulu yake huko Bweranyange. Mandhari ya vilima na maziwa iliwakumbusha Waingereza nchi ya kwao. Ziwa dogo lililoonekana karibu na ikulu walilipa jina la Windermere Ndogo, kwa kulifananisha na Ziwa Windermere la kaskazini mwa Uingereza, eneo lililopendwa na watu wanaotembea vilimani kwa burudani. Kwa Bombay na wapagazi kutembea hakukuwa burudani. Mpagazi alibeba mzigo wa kilogramu 30 hivi, na siku ya kupumzika ilitegemea chakula, hongo na afya ya msafara.

Grant alipata kidonda kibaya mguuni, akabaki Karagwe kwa miezi kadhaa. Bombay aliendelea na Speke mnamo Januari 1862. Walivuka mto Kagera huko Kitangule, wakapita vilima na mabonde ya vinamasi vya magharibi mwa ziwa, wakafika kwa Kabaka Mutesa I wa Buganda mwezi Februari. Katika ikulu ya Mutesa mazungumzo yalipita kwa watu watatu: Speke alisema kwa Kihindustani, Bombay akatafsiri kwa Kiswahili, na mkalimani mwingine akatafsiri kwa Kiganda. Majibu ya Kabaka yalirudi kwa njia hiyohiyo.

Tarehe 28 Julai 1862 Speke alifika mahali ambapo Naili inatoka ziwani, karibu na Jinja ya leo. Baadaye, msafara ulipokuwa Bunyoro, Bombay alitumwa mbele kwenda kaskazini kutafuta kituo cha wafanyabiashara waliotoka upande wa Sudan, akarudi na habari kwamba njia ipo. Msafara ulifika Gondokoro mnamo Februari 1863, kisha Misri. Kati ya watu wengi walioanza safari, kundi dogo tu lilikuwa limebaki, na Bombay alikuwa kiongozi wao. Kutoka Misri walirudishwa Zanzibar kwa meli.

Kwa safari hiyo Grant alipewa nishani ya dhahabu na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Bombay alipewa ya fedha.

Safari na Stanley (1871–1872)

Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimchukua Bombay kuwa mkuu wa askari wa msafara wa kumtafuta David Livingstone. Walianzia Bagamoyo na kumkuta Livingstone mjini Ujiji mnamo Novemba 1871. Uhusiano wao haukuwa mzuri. Stanley alimwona Bombay kuwa mzito na mkaidi, akampiga, na baada ya fujo kati ya wapagazi alimwondolea cheo chake kwa muda. Bombay kwa upande wake alikuwa na uzoefu wa safari mbili za bara, ilhali Stanley alikuwa anaingia bara la Afrika ya Mashariki kwa mara ya kwanza.

Kuvuka bara (1873–1876)

Cameron alipotumwa mwaka 1873 kumpelekea Livingstone msaada, Bombay alikuwa mkuu wa watu wake. Wakiwa Kaze walikutana na watumishi wa Livingstone waliokuwa wameubeba mwili wake kutoka alikofia. Cameron aliamua kuendelea. Msafara ulipita Ujiji na Nyangwe kwenye mto Lualaba, ukakata misitu na tambarare za kusini mwa Kongo, ukafika pwani ya Atlantiki nchini Angola mnamo Novemba 1875. Kwa safari hiyo Bombay akawa mmoja wa watu wachache wa zama zake wanaojulikana kuwa walivuka bara la Afrika kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Yeye na wenzake walirudi Zanzibar kwa meli mwaka 1876.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimpa pensheni ya pauni 15 kwa mwaka. Hakuongoza tena safari kubwa ya namna hiyo. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1885.

Kumbukumbu

Bombay hakuacha maandishi yake mwenyewe. Habari za utoto wake zinatokana na simulizi aliyompa Speke wakiwa safarini, ambayo Speke aliiandika katika kitabu kilichotolewa mwaka 1864. Habari nyingine zimo katika vitabu vya Burton, Grant, Stanley na Cameron. Kwa hiyo anajulikana kupitia kalamu za watu waliomwajiri, na maelezo yao yanatofautiana: Burton na Speke walimsifu kwa uaminifu na bidii, Stanley alimlaumu. Ugomvi wao uliandikwa na upande mmoja tu.

Kwa muda mrefu majina ya wapelelezi yalipewa maporomoko, milima na wanyama, huku watu waliowaongoza wakitajwa kama watumishi. Katika miongo ya karibuni wanahistoria wameanza kuangalia upya nafasi ya viongozi wa misafara, wakalimani na wapagazi. Mwaka 2009 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilifanya maonyesho mjini London juu ya watu hao, na Bombay alikuwa mmoja wao. Wapelelezi waliomwajiri walibadilika kila safari. Yeye alikuwepo katika zote nne.